Behzad wa Herat: Mchoraji Aliyewaingiza Waashi Katika Vitabu vya Wafalme

Mtu akitaka kuzijua habari za miji mikubwa ya Kiislamu ya zamani, vitabu vya tarikh vitampa majina ya masultani, mawaziri na majemadari, pamoja na miaka ya vita vyao. Ataelezwa nani aliamuru msikiti gani ujengwe, na kwa mali ya nani. Lakini akiuliza ni nani aliyepanda ngazi na chokaa begani, ni nani aliyekuwa akinyoa vichwa vya watu hamamuni, au yule maskini aliyesimama mlangoni mwa msikiti alikuwa na uso wa namna gani, vingi katika vitabu hivyo havina jawabu. Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za mtu mmoja aliyeyajibu maswali hayo bila ya kutunga kitabu. Jina lake ni Kamal ud-Din Behzad, mchoraji wa mji wa Herat, aliyefariki karibu miaka mia tano iliyopita.

Nimemchagua huyu kwa sababu wengi wetu huku pwani tunawajua washairi wa Uajemi, walau kwa majina: Saadi, Hafidh na Jami. Lakini wale waliovipamba vitabu vya washairi hao hatuwajui. Na katika hao wapambaji, Behzad ndiye aliyepata sifa kuliko wote, hata ikawa baada yake mchoraji hodari akitaka kutukuzwa huitwa Behzad wa zama zake.

Mji alimozaliwa

Herat leo uko magharibi ya Afghanistan, si mbali na mpaka wa Iran. Katika karne ya 15 ulikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Timur, yule mshindi wa Samarkand. Ulikuwa mji wa mraba, umezungukwa na ukuta mnene wa udongo, na njia zake nne kubwa za soko zilikutana katikati, mahali panapoitwa Chahar Su. Maji yalitoka mto wa Hari Rud kwa mifereji, yakanywesha bustani na kujaza birika za misikiti. Upande wa kaskazini ilisimama ngome ya Ikhtiyar ud-Din, na nje ya ukuta Malkia Gawharshad, mke wa Shah Rukh mwana wa Timur, alijengesha msikiti na madrasa ambavyo kazi yake ilianza mwaka 1417 ikaendelea kwa miaka ishirini na zaidi.

Katika ujana wa Behzad, mtawala alikuwa Sultani Husayn Bayqara, aliyeishika Herat tangu 1469 hadi alipofariki mwaka 1506. Katika baraza yake walikutana watu ambao ni nadra kukutana katika mji mmoja: Abd ur-Rahman Jami, mshairi na sufi, aliyeishi baina ya 1414 na 1492, Mir Ali Shir Nava'i, rafiki na mshauri wa Sultani, aliyetunga mashairi kwa Kituruki na kujengesha misikiti, madrasa na hamamu kwa mali yake, Sultan Ali Mashhadi, bingwa wa khati, na Khwandamir, mwanahistoria.

Lakini nawaomba wasomaji wasiudhani mji huo kuwa pepo. Sultani huyo huyo aliyependa mashairi alipigana vita na wanawe mwenyewe, na mabwana wengi wa baraza yake walizama katika ulevi. Mafundi waliishi kwa fadhili za wakubwa, na fadhili ya mkubwa ni kama kivuli cha alasiri: hurefuka, kisha kikatoweka.

Yatima katika karakana ya vitabu

Behzad alizaliwa Herat katikati ya karne ya 15. Mwaka wenyewe wataalamu hawakubaliani. Qadi Ahmad, aliyeandika maisha ya waandishi wa khati na wachoraji mwishoni mwa karne ya 16, anasimulia kwamba alifiwa na wazazi angali mdogo, akalelewa na Mirak Naqqash, fundi wa nakshi na maandishi ya kuta, ambaye ndiye aliyesimamia maktaba ya Sultani.

Neno maktaba hapa lisimpoteze msomaji. Halikuwa jumba la kusomea tu. Ilikuwa karakana, na kitabu kimoja kilipita mikono mingi. Palikuwa na wa kutayarisha karatasi, akaipaka maji ya wanga na kuisugua kwa jiwe laini mpaka ing'are. Palikuwa na wa kupiga mistari. Kisha akaja mwandishi wa khati, akaandika maneno ya mshairi, akaacha nafasi tupu pale alipoagizwa. Nafasi hiyo, pengine kubwa kuliko kiganja kidogo tu, ndiyo aliyokabidhiwa mchoraji. Baada yake wakafuata wa dhahabu, wa pambizo na wa jalada.

Rangi nazo zilikuwa na safari zao. Buluu ilitoka katika jiwe la thamani lililochimbwa milima ya Badakhshan, likasagwa na kuchujwa mara nyingi. Nyekundu ilitoka katika madini ya zebaki. Dhahabu ilipondwa mpaka ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, kisha ikasagwa ikawa wino. Brashi ilitengenezwa kwa nywele chache za paka au za kindi, na kwa brashi hiyo fundi aliweza kuchora unyusi mmoja mmoja wa mtu ambaye mwili wake mzima haukuzidi urefu wa kidole.

Huko ndiko alikokulia yatima huyu. Katika kazi ya namna hiyo, mwanafunzi hakutakiwa kubuni. Alitakiwa kuiga. Kulikuwa na namna iliyokubaliwa ya kuchora mfalme kitini, namna ya kuchora vita, namna ya kuchora wapendanao bustanini, na fundi mzuri alikuwa yule aliyekaribia zaidi mkono wa waliomtangulia. Jina lake halikuandikwa popote. Kitabu kilikuwa cha Sultani, na maneno yalikuwa ya mshairi.

Huenda msomaji akauliza hapa juu ya hukumu ya sura na michoro ya viumbe. Sikusudii kuufungua mlango huo, kwa kuwa una wenyewe, nao ni wanazuoni. Nitasema tu kwamba picha hizi hazikuwekwa misikitini wala katika misahafu. Zilikaa ndani ya vitabu vya hadithi na mashairi, vikifungwa na kufunguliwa na watu wachache majumbani mwao, na hata hivyo walikuwako waliozichukia.

Walioitangulia njia

Wala si haki kusema kwamba Behzad ndiye wa kwanza kuwachora watu wa mjini. Mwaka 1237 huko Iraki, Yahya al-Wasiti alikinakili na kukipamba kitabu cha Maqamat cha al-Hariri wa Basra, ambacho ni visa vya mjanja mmoja aitwaye Abu Zayd azungukaye miji akiwalaghai watu kwa ufasaha wake. Ndani yake mna soko, mna msikiti na mna kijiji chenye kuku juu ya paa. Mna pia picha ya jahazi katika safari ya kutoka Basra kwenda Oman, na mbao za jahazi hilo zimeshonwa kwa kamba, bila ya misumari. Wazee wetu wa Lamu wasingelihitaji kuelezwa ni chombo cha namna gani, maana mtepe ulishonwa hivyo hivyo.

Lakini baada ya Baghdad kuangushwa na jeshi la Wamongoli mwaka 1258, wachoraji wakafuata mabaraza ya wafalme wapya, na watu wa sokoni wakapungua katika picha. Zilijaa taji, farasi na mikuki. Behzad aliwarudisha wenye soko. Nasema aliwarudisha kwa sababu aliwaleta katika vitabu vya tunu kabisa, vilivyotengenezwa kwa ajili ya masultani wenyewe.

Bustani ya Saadi

Kitabu kinachotupa yakini ya mkono wake ni nakala ya Bustan ya Saadi iliyoandikwa na Sultan Ali Mashhadi kwa ajili ya Sultani Husayn mwaka 1488, yaani mwaka 893 wa Hijra. Kitabu hicho sasa kimehifadhiwa Cairo, katika Dar al-Kutub. Picha zake ni chache, na katika baadhi yake Behzad alifanya jambo lisilo la kawaida: alitia jina lake.

Tazama alivyolitia. Picha moja inaeleza kisa cha Mfalme Dara, aliyepotezana na wenziwe mawindoni akakutana na mtu malishoni. Akamdhani adui, akavuta upinde. Yule mtu akapiga kelele kwamba yeye ni mchunga farasi wa mfalme mwenyewe, kisha akampa nasaha kali: yeye mchungaji anaweza kumtambua kila farasi katika maelfu, na mfalme hawezi kumtambua mtumishi wake aliyemwona mara nyingi. Behzad amewachora farasi kwa mapenzi makubwa, majike na watoto wao wakinyonya. Mchungaji amesimama na nguo zake za kazi mbele ya mpanda farasi mwenye mavazi ya fahari. Na jina la mchoraji limeandikwa kwa herufi ndogo mno juu ya podo la mishale la mfalme. Mtumishi asiyejulikana na bwana wake ameliweka jina lake pale pale zinapotoka silaha za bwana. Kila nikikifikiri kisa hicho na mahali pa sahihi hiyo, siamini kwamba ilikuwa bahati tu.

Picha ya pili ni ya mlangoni mwa msikiti. Mzee maskini amefika, nguo zake zimechanika, na anazuiwa asiingie. Ndani, waliobarikiwa mali wanatawadha, mmoja akiosha miguu, na kuta zimepambwa vizuri kwa vigae na maandishi. Mchoraji hakuongeza neno la kulaumu. Amewaweka wote katika ukurasa mmoja, akamwachia mtazamaji shauri.

Picha ya tatu ndiyo mashuhuri kuliko zote, nayo ni ya kisa tunachokijua sote katika Sura ya Yusuf. Jami alikuwa amekitunga upya kisa hicho mwaka 1483 katika mji huo huo wa Herat, akaeleza jumba la vyumba saba alilolijenga Zulaikha ili amnase Yusuf. Wachoraji wengi wangelijaza jumba hilo vijakazi na mapambo ya starehe. Behzad alilitoa watu wote. Kuna ngazi zinazopinda huku na huku, kuna roshani, kuna vyumba juu ya vyumba, na milango yote imefungwa. Juu kabisa, katika pembe, Zulaikha ananyosha mkono, na Yusuf anaponyoka, nuru ikimzunguka kichwani. Wakati huo hakuna mwanadamu mwingine awezaye kusaidia wala kushuhudia. Jicho la mtazamaji hupanda ngazi moja baada ya nyingine na kukuta mlango umefungwa kila mara, mpaka moyo wenyewe uone dhiki aliyoiona Yusuf, na ujue kwamba aliyemwona mle ndani alikuwa Mola wake peke yake.

Haya hakuyaiga kwa mtu. Maneno ya Saadi katika ukurasa ule ni machache, na jumba ni la Jami. Lakini upweke ule ni wa Behzad. Ndipo alipoandika ukutani mwa jumba hilo, kana kwamba ni sehemu ya nakshi, kwamba kazi hii ni ya mja Behzad, pamoja na mwaka wake.

Mwashi, mchanganya chokaa na kinyozi

Miaka michache baadaye, mwaka 1494 au 1495, amiri mmoja wa Sultani, Ali Farsi Barlas, alitengenezewa nakala ya mashairi matano ya Nizami. Kitabu hicho kiko London, katika maktaba ya taifa ya Uingereza. Kiliwahi kuwa mali ya wafalme wa Kimughal wa India, na Mfalme Jahangir aliandika kwa mkono wake ni picha ngapi alizoamini kuwa za Behzad. Wataalamu wa leo hubishana juu ya picha moja moja, lakini mbili kati ya hizo karibu wote humpa yeye.

Ya kwanza ni ujenzi wa qasri ya Khawarnaq huko Iraki. Wasomaji waliosoma Kiarabu wanaujua mfano wa jaza ya Sinimmar. Huyo Sinimmar alikuwa mjenzi aliyemjengea Mfalme Nu'man jumba lisilokuwa na mfano, na mfalme, akihofia kwamba atamjengea mwingine jumba zuri zaidi, akaamuru atupwe kutoka juu yake. Mchoraji mwingine angemchora mfalme akilitazama jumba lake. Katika picha ya Behzad hakuna mfalme. Kuna jukwaa la miti lililofungwa kwa kamba. Kuna mtu anayechanganya chokaa, mwingine anayepanda ngazi na mzigo, mwingine anayechonga jiwe, mwingine anayempokeza mwenziwe matofali, na mwashi juu anayeyapanga. Migongo imeinama namna mbalimbali, na kila mmoja ana kazi yake wala hamtazami mtazamaji. Rangi ya ngozi zao na sura zao si moja, maana Herat ulikuwa mji wa watu wa kila pembe.

Kwa mwenye kukijua kisa, uzuri wa picha hiyo una uchungu ndani yake. Ukuta haujafika juu, nao ndio atakaotupwa kutoka juu yake aliyeujenga. Na aliyeichora alikuwa fundi vile vile, anayekula mkate wa wafalme.

Ya pili ni Harun ar-Rashid hamamuni. Khalifa wa Baghdad amevuliwa mavazi yake yote ya ukuu, amejifunga nguo ya kuogea tu, kichwa chake ki mikononi mwa kinyozi. Kisa chenyewe ni kwamba kinyozi huyo alithubutu kumposa binti wa Khalifa, na ikadhihirika kwamba kila alipokuwa akisema hivyo alikuwa amesimama juu ya hazina iliyozikwa chini ya sakafu. Lakini mtu akiitazama picha bila ya kujua kisa, ataona hamamu tu. Taulo za buluu zimetundikwa juu, na mtumishi anazishughulikia kwa mti mrefu. Watu wanavua, wengine wanavaa, mmoja anasuguliwa mgongo. Khalifa ni mmoja katika waogaji, na bila ya kuelekezwa utamtafuta. Huko hamamuni watu wote ni sawa, jambo ambalo kila aliyekwenda hamamu alilijua, na hakuna aliyethubutu kulionyesha.

Mabwana watatu katika miaka mitano

Mei 1506 Sultani Husayn akafariki. Mwishoni mwa mwaka huo akafika Herat mgeni kijana, Babur, ambaye baadaye alianzisha dola ya Kimughal huko India. Babur aliutembea mji mzima, akauhusudu, na katika kitabu cha maisha yake akamtaja Behzad. Alimsifu kwa ulaini wa mkono wake, lakini akamtia ila kwamba nyuso za wasio na ndevu hazichori vizuri, kidevu hukizidisha, na kwamba nyuso zenye ndevu ndizo azichorazo sawasawa. Ni sifa na ukosoaji wa mtu aliyetazama kwa makini, na mchoraji yeyote angeliona heshima kukosolewa hivyo.

Mwaka uliofuata, 1507, Muhammad Shaybani Khan aliingia Herat na majeshi yake ya Uzbeki. Nyumba ya Timur ikaanguka. Babur anasimulia, naye tukumbuke alikuwa adui wa Shaybani, kwamba mshindi huyo alichukua kalamu akaanza kuzisahihisha khati za Sultan Ali Mashhadi na michoro ya Behzad kwa mkono wake mwenyewe. Fikirini basi. Mtu aliyeitumikia kazi yake kwa miaka thelathini na kupita amekaa kimya, huku mwenye upanga akimwonyesha namna ya kuchora. Asingeweza kusema neno. Mfano wa Sinimmar alikuwa ameuchora mwenyewe.

Shaybani hakukaa sana. Mwishoni mwa 1510 aliuawa vitani karibu na Merv na Shah Ismail, mwanzilishi wa dola ya Kisafawi, na Herat ikapata bwana wa tatu ndani ya miaka mitano. Wengi walihama. Wengine, kama yule Shaykhzada ambaye kazi yake yaonyesha mafunzo ya Behzad, waliishia Bukhara, wakaichukua namna ya Herat mpaka huko.

Kuna hekaya iliyoandikwa na Waturuki wa dola ya Uthmani, kwamba mwaka 1514, kabla ya vita vya Chaldiran, Shah Ismail alimficha Behzad pangoni pamoja na mwandishi wa khati Shah Mahmud, na baada ya kushindwa, jambo la kwanza aliloliuliza ni kama hao wawili wangali hai. Hekaya hiyo ni tamu, lakini haikubaliani vizuri na tarehe. Waraka wa kumteua Behzad kuwa msimamizi wa maktaba ya Shah, ambao maneno yake yamehifadhiwa katika maandishi ya Khwandamir, una tarehe ya 1522. Hata hivyo hekaya husema kitu kimoja cha kweli: kwamba watu walikwisha kuona kuwa mchoraji aweza kuwa tunu ya dola, wa kuulizwa kabla ya hazina.

Kwa hiyo uzeeni Behzad akawa Tabriz, mbali sana na Chahar Su na mifereji ya Hari Rud. Aliwasimamia waandishi, wachoraji, watia dhahabu na wapiga mistari, kazi ile ile ya mlezi wake Mirak. Shah Tahmasp, aliyerithi mwaka 1524, alikuwa amelelewa Herat utotoni, na chini yake mikono ya Herat na ya Tabriz ikachanganyika, ukazaliwa uchoraji ambao hata leo huhesabiwa kuwa kilele cha sanaa hiyo. Behzad alifariki mwaka 942 wa Hijra, yaani 1535 au 1536. Dust Muhammad, mwandishi wa khati aliyekuwa wa zama zake, anasema alizikwa Tabriz ubavuni mwa mshairi Kamal wa Khujand. Mpaka leo watu wa mji huo huyaita makaburi ya Kamal wawili.

Lililobaki

Herat aliouchora Behzad ulipata masaibu mengi. Mwaka 1885, kwa hofu ya kushambuliwa na Warusi, majengo ya Gawharshad na ya Sultani Husayn nje ya ukuta yalibomolewa kwa shauri la maofisa wa Kiingereza na idhini ya Amiri wa Kabul, ili adui asipate pa kujificha. Ilibaki minara, na baadhi ya hiyo ikaangushwa na mitetemeko iliyofuata. Vita vya miaka ya 1980 viliuharibu mji tena, na Oktoba 2023 matetemeko makubwa ya ardhi yaliua watu wengi katika vijiji vya jimbo hilo.

Basi mtu akitaka leo kuona jinsi Herat ilivyojengwa, jukwaa lake lilifungwaje na matofali yalipokezwaje, hana budi kwenda Cairo na London kutazama karatasi zisizozidi ukubwa wa gazeti hili likikunjwa. Sultani aliyeagiza amekufa, jumba alilolala limekuwa vumbi, na masahihisho ya Shaybani hakuna ayajuaye. Mchanganya chokaa bado ameinama.

Naona mafunzo mawili kwa vijana wetu wenye mikono, wawe wa kalamu, wa brashi au wa tindo. La kwanza ni kwamba Behzad hakuanza kwa kubuni. Alianza kwa kuiga miaka mingi, mpaka mkono ukatii, ndipo jicho lake likapata uhuru. La pili ni kwamba alipopata uhuru huo hakwenda kutafuta maajabu ya mbali. Alitazama mlango wa msikiti, hamamu na watu wa ujenzi, vitu ambavyo kila mtu wa mji wake alivipita kila siku. Mitaa yetu nayo ina wachukuzi, mafundi wa kupaka chokaa na wazee wa barazani ambao hapana aliyewachora kwa makini kama yale. Mwenye jicho na aanze kwao.

Mwenyezi Mungu amrehemu mja Behzad, na awarehemu waashi wote ambao majina yao hayakuandikwa.